Kabla Hujaketi Nyuma ya Meza ya Komini

Wadogo zangu, wiki hii nimeweka kando barua zenu nyingine zote. Hii moja imenikaa kifuani. Imetoka kwa binti wa Luofu, kwetu kabisa, kule juu kwenye baridi na viazi, katika usultani wa Batangi. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Juni na vita vikapanda kuja Kayna na Kirumba, alishika mkono wa mama yake na wa wadogo zake wawili, wakatembea. Sasa wako hapa Butembo kwa shangazi yake, watu 11 katika vyumba viwili. Ana diploma ya maendeleo ya vijijini. Ana cherehani ya kukodi. Wiki iliyopita mjomba wake alimpeleka kwa mzee fulani, mzee akampeleka kwa mwingine, na mwisho akaambiwa: andika barua ya kuomba kazi komini, njoo Jumatatu uanze, mshahara utafuata.

Ananiuliza: Yaya, niende?

Nenda, mdogo wangu. Komini zetu zinahitaji mtu anayejua kuandika vizuri na ambaye bado anakumbuka jinsi inavyouma kusimama kwenye foleni ukiwa na mtoto mgongoni. Lakini usiende kabla hatujazungumza. Nimekaa nyuma ya meza za namna hiyo miaka 19, minne katika ofisi ya usultani kijijini na iliyobaki mjini, na siku naingia hapakuwa na mtu wa kuniketisha aniambie haya ninayotaka kukuambia. Vuta kiti.

Tuanze na lile neno, "utafuata". Katika nchi yetu mtumishi wa serikali hupita milango mitatu. Wa kwanza ni karatasi ya kumpa kazi. Wa pili ni namba ya matrikule. Wa tatu ni jina lake kuingia katika orodha ya malipo kule Kinshasa. Nimefanya kazi na mama aliyepita mlango wa kwanza akiwa msichana, na nilipomuacha alikuwa na wajukuu, mlango wa pili hajauona. Wapo wenye matrikule ambao hawajawahi kupokea hata faranga moja ya mshahara. Wapo wanaopata primu peke yake, yaani posho, miezi mingine ikaja, mingine isije. Ofisini wanaitwa NU, yaani wapya, hata kama upya wao una miaka 10.

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayowaongoza watumishi wa kudumu wa serikali, nayo inataka mtu aingie kwa kushindania nafasi. Barua iliyopita mikononi mwa mjomba haikupi hadhi hiyo. Kwa hiyo Jumatatu ukifika, salimia vizuri, kaa, kisha uliza bila kutetemeka: mnanipokea kama nani? Mtumishi wa serikali, mfanyakazi wa komini kwa mkataba, au mwanafunzi anayejifunza kazi? Kila jibu lina maisha yake. Wakisema "tutaona", usikasirike, wala usiondoke. Toa daftari lako, andika tarehe, andika jina la aliyesema hivyo. Halafu omba karatasi yenye namba, tarehe, sahihi na muhuri, hata kama ni ya kukuruhusu kujifunza tu. Ukiipata, ipige kopi tatu, na kopi hizo zisilale katika nyumba moja. Wewe ni mtu wa Luofu, sababu unaijua.

Sasa nikueleze pesa ya mshahara wako inatoka wapi, maana watu wengi wanafanya kazi komini miaka na miaka bila kuelewa hili, na kutolielewa ndiko kunakowaharibu.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inataja mji, komini, sekta na usultani kuwa vyombo vinavyojiongoza vyenyewe. Katiba hiyohiyo inasema kwamba mapato ya taifa yanayopatikana jimboni, asilimia 40 ibaki jimboni. Kisha sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inasema kwamba katika hiyo sehemu ya jimbo, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na usultani. Fanya hesabu pamoja nami. Katika kila faranga 100, jimbo lipate 40, na katika hizo 40, ngazi ya chini ipate 16. Faranga 16. Ndiyo pesa tunayoiita retrosesioni. Katika miaka yangu 19 nimeisikia katika mikutano mingi, nimeiandika katika bajeti kila mwaka, na siku ilizofika ofisini kwetu nazikumbuka, kwa uchache wake. Ikifika, hufika imekatwa na imechelewa. Na tangu Goma ianguke mwishoni mwa Januari 2025, na uongozi wa jimbo kuhamia Beni, njia ya pesa hiyo imezidi kuwa nyembamba.

Basi komini inakula nini? Inakula sokoni. Inakula kwa yule mama anayeshuka kutoka mashambani saa kumi na moja asubuhi na kabichi kichwani, anatandika gunia chini na kulipa kodi ya siku ya mahali alipoketi. Karatasi utakayoandikia, wino wa muhuri, paa lililo juu yako, primu yako siku ikija, vyote vimetoka katika pindo la kikwembe chake. Nakuomba ulishike hilo kuliko sheria zote nilizokutajia. Akija mbele ya meza yako kuomba karatasi, huyo ndiye aliyekulipa.

Ndiyo maana nasema cherehani usiirudishe. Najua aibu iliyoko. Umepata kazi ya ofisi, shangazi ametangaza kanisani, na wewe jioni bado unashona sare za shule kwenye veranda? Ndiyo, mdogo wangu, shona. Miezi sita ya kwanza ishi kana kwamba komini haitakulipa kitu. Nauli ya pikipiki, sabuni, dawa ya mama, vyote vitoke katika cherehani na katika likelemba yenu, ule mchango wa zamu. Usikope juu ya mshahara ambao hujauona, na usiikaribie kabisa ile benki lamberi, ya mtu anayekupa dola 50 leo umrudishie 75 mwisho wa mwezi. Nimeona watumishi waliomaliza mwaka wakifanya kazi kwa ajili ya mkopeshaji tu, na kila walipokaa mezani walimtazama mwananchi kama mtu anayetazama njia ya kutokea.

Hapo ndipo wizi mdogo unapozaliwa. Sikumbuki mtu aliyeingia kazini akiwa mwizi. Namkumbuka mtu mwenye njaa, mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya ada, anayeambiwa na mwananchi, "Chukua hii ya sukre, Mama, unisaidie haraka." Siku ya kwanza anakataa. Siku ya tano anapokea. Baada ya mwaka anaomba mwenyewe, na baada ya miaka mitatu asiyetoa hapati karatasi. Kwetu kuna neno tayari la kuufunika mwendo huo, Artikli 15, jitafutie. Mimi sitaki ujitafutie kwa mama wa kabichi. Jitafutie kwa sindano yako.

Kuna wenzetu wanaopitia mambo yanayofanana na haya mbali na hapa. Kenya, tangu uchaguzi wa Machi 2013, ina kaunti 47, na kule pwani, Kilifi, Kwale, kila kaunti ina bunge lake lililochaguliwa na bodi inayotangaza nafasi za kazi ili watu waombe. Hata huko, Nairobi ikichelewesha mgao, mishahara huchelewa. Tofauti ni kwamba wao wana diwani waliyemchagua ambaye anaweza kusimama na kuuliza pesa imekwenda wapi. Sisi, madiwani wa komini walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, lakini katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Bulengera, Kimemi, Mususa, Vulamba, hakuna. Beu, Bungulu, Mulekera, Ruwenzori kule Beni, hakuna. Na tangu 6 Mei 2021 tuko katika hali ya dharura: jimbo linaongozwa na jenerali, na Butembo na Beni zilipewa mameya ambao ni maafisa wa polisi. Sisemi kwamba mkuu aliyevaa sare hawezi kuwa mwema. Nasema kwamba hakuna baraza la kumuuliza yeye, wala la kukutetea wewe. Shahidi wako pekee utakuwa ni maandishi yako.

Nikuambie nilivyojifunza hilo, kisha utaelewa kwa nini nasisitiza habari ya daftari.

Mwaka wangu wa pili mjini, asubuhi moja ya siku ya soko, nilikabidhiwa vitabu vya risiti. Karatasi ya makabidhiano ilisema vitabu 5. Mkononi nilipewa 4. Mkubwa wangu akasema cha tano kiko njiani, weka sahihi tu, watu wanasubiri. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, anasali mstari wa mbele. Nikaweka sahihi. Kitabu cha tano hakikunifikia, lakini kilifanya kazi: risiti zake zilionekana mikononi mwa wauza nyanya, na pesa zake hazikuingia kwenye sanduku. Mwisho wa mwezi hesabu ilinidai mimi, maana jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nililipa miezi saba. Mama yangu aliuza mbuzi wawili. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake ndicho kilichonifunza kuliko kelele.

Tangu siku ile sijaweka sahihi kwa kitu ambacho sijakihesabu. Wewe nawe usiweke. Hesabu vitabu, fungua kila kimoja, tazama namba ya kwanza na ya mwisho, tazama kama hakuna karatasi iliyochanwa katikati, andika namba hizo katika daftari lako mwenyewe. Wakikuharakisha, sema kwa upole: "Baba, nihesabu kwanza, nisije nikakuaibisha." Mtu mwema atangoja. Asiyengoja amekwisha kukuonyesha yeye ni nani, na ni bora umjue asubuhi hiyo kuliko mwisho wa mwezi. Na ukikata risiti, kiasi unachoandika kwenye kipande unachompa mwananchi kiwe kilekile kinachobaki kitabuni. Ukimwona mwenzako anaandika faranga 1,000 mbele na 500 nyuma, usicheke naye.

Kuhusu kodi zenyewe: ipo orodha. Ordonansi-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018 imetaja kodi, ushuru na malipo ambayo jimbo na vyombo vya chini vinaruhusiwa kukusanya. Iombe, isome, nakili zile zinazohusu komini. Utakuta siku nyingine unatumwa sokoni kukusanya kitu chenye jina zuri ambacho hakimo. Utakuta pia watu wa mapato ya jimbo wamepita asubuhi kwa muuzaji yuleyule na kumlipisha kinachofanana na chako. Muuzaji hajui tofauti ya DGRNK, ofisi hiyo ya mapato ya jimbo, na komini. Kwake ni mtu mwingine mwenye kalamu. Mueleze. Hata akilia na kukutukana, mueleze.

Na ukumbuke ametoka wapi. Watu wetu wa vijijini wamelipishwa na wenye bunduki miaka mingi, kila mmoja na jina la kodi yake. Kuna jetoni ya mwezi, kikaratasi cha kuonyesha umelipa, kuna vizuizi vya njiani, kuna ile wanayoiita lala salama, unalipa ili ulale bila kuuawa. Umelipa wewe, amelipa mama yako. Mtu wa namna hiyo akikuona na kitabu cha risiti, mwili wake unakumbuka mambo ambayo wewe hujamfanyia. Ndiyo maana sauti yako sokoni ni sehemu ya kazi. Usimpigie muuzaji teke gunia lake. Usiende na polisi kwa mama mwenye mafungu manne ya nyanya. Simama upande wake, inama, msalimie. Ukikuta hajauza kitu, rudi saa nane.

Sasa tuje mahali ninapotamani upelekwe. Wengi wanapigania kukaa kwenye mapato, kwa sababu mnazozijua. Mimi nakuombea upelekwe kwenye vitabu vya uraia, kule wanakoandika waliozaliwa, walioolewa na waliokufa. Hakuna pesa kule. Kuna vumbi, panya, na rejista ambazo majalada yake yameshonwa kwa uzi wa gunia. Lakini kama kuna kazi katika komini ambayo mtu anaweza kuifanya na kulala usingizi, ni hiyo.

Ile tarehe 15 Julai 2016 ilitoa sheria nyingine pia, namba 16/008, iliyorekebisha Kanuni ya Familia. Kwa sheria yetu mtoto anapaswa kuandikwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na kumwandika ni bure. Bure. Zikipita siku 90, lazima familia ipitie mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya kule kuandikwa, na hapo safari, karatasi na kungoja vinaanza kula pesa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba katika watoto 10 wa chini ya miaka mitano, ni kama 4 tu waliokuwa wameandikwa. Wengine sita wako wapi? Wako kwenye veranda za mashangazi, mdogo wangu. Wako katika familia zilizokuwa barabarani siku ya 20, zikawa katika darasa la shule siku ya 50, zikapata chumba siku ya 95.

Nilimpokea mama mmoja aliyejifungua njiani, akitoka upande wa Kayna. Alikuja siku ya 97. Alikuwa na karatasi ya kituo cha afya, imelowa, imekunjwa mara nane, ameibeba katika kitambaa kama mtu anayebeba hirizi. Alikuwa hajasikia habari ya siku 90. Hakuna aliyemwambia, si kituo cha afya, si kanisa, si sisi. Nilimwandikia barua ya kumpeleka Mahakama ya Watoto, nikamsindikiza siku ya kwanza, lakini siku zile saba ziliniuma, kwa sababu zilikuwa za kwetu, wala hazikuwa zake. Baada ya hapo nilianza kupita kila Ijumaa kwenye kituo cha afya kilicho karibu na ofisi na kusema na wamama waliojifungua, dakika 10 tu: mpaka tarehe fulani uje, ulete hiki na hiki, usilipe mtu. Hakuna mkubwa aliyenituma, na hakuna aliyenikataza.

Andika polepole. Majina yetu ya Kinande yanafuata zamu ya kuzaliwa, na uzuri wake ni kwamba ukimsikia mtu unajua ni wa ngapi kwao. Ugumu wake utaukuta kwenye rejista. Masika ni wengi, Kavira ni wengi, Kambale na Kasereka wanajaa ukurasa mzima. Ukiandika Kambale bila jina la pili lililonyooka, bila baba na mama, bila kijiji, umemtengenezea mtoto huyo pacha asiyemjua. Miaka 18 baadaye atanyimwa diploma kwa sababu karatasi moja inasema Kambale na nyingine Kambere. Muulize mama alitaje jina mara mbili. Msomee ulichoandika. Kama hajui kusoma, msomee tena.

Na usitie watu wa Luofu mbele. Hili ni gumu, najua. Wakisikia umeingia komini watakuja. Binamu, jirani wa zamani, aliyekuwa mwalimu wako wa darasa la tatu. Watasema kwa Kinande, kwa sauti ya chini, ili wengine kwenye foleni wasisikie. Waitikie kwa furaha, waulize habari za nyumbani, kisha waonyeshe mwisho wa foleni. Mbele yao yupo mwanamke aliyetoka Mangurejipa kwa miguu, na yeye hana binamu humu ndani. Mzee mmoja wa kwetu aliwahi kuondoka kwangu amenuna kwa sababu hiyo. Baada ya miezi miwili alimtuma binti yake kwangu, akamwambia: nenda kwa yule, hatakudanganya.

Kuna jambo la wanawake. Hukuliuliza, lakini nimeliona katikati ya mistari ulipoandika kwamba yule mzee wa pili alitaka mkutane tena "mahali patulivu" kabla ya Jumatatu. Usiende. Kazi ya komini hutolewa komini, mchana, mlango ukiwa wazi. Kama ana karatasi yako, ataileta ofisini. Kama nafasi inategemea mahali patulivu, basi nafasi hiyo haipo, na hata kama ungeipata, ingekuja kudaiwa tena kila mwezi. Mwambie shangazi yako leo hii, jina na maneno. Ukishaingia, tafuta mwanamke mkubwa kuliko wote katika jengo hilo, hata kama ndiye anayefagia, ukae naye saa ya kula. Yeye anajua ni ofisi gani huingii peke yako. Na siku ukiguswa au ukitishwa, andika barua yenye tarehe, uipeleke kwa mkuu, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Watasema unajitafutia matatizo. Nilisema nawe habari ya shahidi.

Wengine mmeolewa na mnasoma hapa huku mkijiuliza kama bwana akikataa kazi ndiyo basi. Marekebisho yale ya 2016 yaliondoa ule ulazima wa mwanamke kupewa ruhusa na mumewe ili afanye kazi. Wapo wakubwa wa ofisi ambao bado wanadai barua ya mume. Waombeni kwa heshima wawaonyeshe imeandikwa wapi.

Mengine utajifunza mwenyewe: jinsi ya kumjibu shefu wa kartie anayekuja na orodha ya uongo, jinsi Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, inavyokuwa siku nzuri ya kujua nani anafanya kazi na nani anapiga picha, jinsi muhuri unavyofungiwa kabatini na ufunguo kutembea na mtu aliyekwenda msibani. Hayo hayaui.

Nimeacha mwisho lile uliloandika kwa herufi ndogo chini ya barua, kama mtu anayeona haya. Umesema wewe mwenyewe huna cheti cha kuzaliwa. Una kadi ya kura tu, na unaogopa watakuuliza.

Najua kilikokwenda. Aprili 2009, usiku waasi wa FDLR walipoingia Luofu, nyumba zaidi ya 200 ziliteketea, na watoto wadogo walikufa ndani. Wewe ulikuwa na miaka minane. Mama yako alitoka na nyinyi, akaacha sanduku. Kila mtu wa kwetu ana sanduku lake lililobaki ndani. Nami nilirudi Luofu wiki chache baadaye, nikamkuta mjomba wangu anachambua majivu kwa kijiti akitafuta karatasi ya shamba. Siku ile ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nikiifanya kwa miaka mitatu bila kuielewa.

Usione haya. Alhamisi hii usiende kushona. Mchukue mama yako, na mwombe mtu mmoja mzima mwingine wa Luofu aliyewajua mlipozaliwa. Hapa Butembo wako wengi, pitieni parokiani mtawakuta. Nendeni Mahakama ya Amani, ulizeni karani utaratibu wa mtu mzima aliyepoteza cheti. Beba kadi ya kura, diploma yako, na karatasi yako ya ubatizo kama parokia iliiokoa. Ulizia bei kabla ya kutoa pesa, na kila faranga utakayotoa uidai risiti, usome namba yake. Ukipata ile hukumu, ipeleke wewe mwenyewe kwenye meza ya uraia, ukae kwenye foleni kama wengine, utazame wanavyoandika jina lako. Wakikosea herufi, waambie.

Kisha Jumatatu, nenda. Niandikie jioni uniambie wamekuweka meza gani.